Kumwombea mume viza nikiwa Mombasa: wakala, wakili, au mwenyewe kwa tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani?

Swali hili nimeulizwa sana, mtaani na kwenye simu: "Dada, mumeo ulimfailia wapi, na wewe si uko huku huku?" Wengi wanaamini lazima kwanza urudi Marekani, upange nyumba, ukae, ndipo uanze. Si hivyo. Raia wa Marekani anaweza kumwombea mume au mke akiwa popote duniani. Kinachotofautiana ni mlango unaopitia, bei yake na usumbufu wake. Mimi nilibisha hodi karibu milango yote kabla ya kuchagua, na haya ndiyo maoni yangu kwa kila mmoja, pamoja na nyota zake.

Nijitambulishe kidogo, maana hali ya mtu ndiyo huamua. Ni mzaliwa wa Kisauni. Uraia wa Marekani niliupata Minnesota, nilikoishi miaka mingi. Nilirudi Mombasa kumuuguza mama, nikabaki, na Februari 2024 nikaolewa na mtu wa Likoni, fundi wa majokofu. Kazi yangu naifanya sebuleni kwa kompyuta: naandika misimbo ya bili za hospitali kwa kampuni iliyoko Marekani. Hilo la kazi lishikeni, lina maana yake huko mbele.

Kwanza tuutoe ubalozi kwenye hesabu, kwa sababu wazee wetu bado wanaelekeza watu Gigiri. Ami yangu mmoja alimchukua mkewe kwa njia hiyo zamani. Alipanda basi hadi Nairobi na fomu yake mkononi, akaikabidhi kwa ofisi ya USCIS kule ubalozini, na baada ya miezi michache mke alikuwa ndani ya ndege. Hadithi yake ni ya kweli ila wakati wake umekwisha. Tangu tarehe 1 Februari 2020 ofisi za USCIS zilizo nje ya Marekani hazipokei tena I-130, fomu ya kumwombea mume, mke au jamaa wa karibu, kwa kesi za kawaida. Ubalozi unaweza kuipokea kwa mambo ya dharura tu: mwanajeshi aliyepata amri ya ghafla, ugonjwa mkali usioweza kungoja, mtu ambaye usalama wake uko hatarini, mtoto anayekaribia kuvuka umri wa kuombewa kama mtoto, mfanyakazi aliyehamishwa kwa ilani fupi. Kumkosa mumeo hakumo kwenye orodha hiyo, nimeisoma yote.

Sasa wakala wa mjini. Ofisi iko ghorofani, ina AC, ukutani kuna bendera na picha kubwa ya Sanamu ya Uhuru. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu zake, akaniagizia maji baridi. Bei: shilingi 85,000, mbali na ada za serikali. Nikamuuliza kwa pesa hizo wananifanyia nini hasa.

"Dada, wewe tulia. Sisi tuna mtu wetu ndani."

Ndani ya wapi? Akacheka. Nikaifungua fomu kwenye simu, nikamshushia hadi ile sehemu inayomtaka yeyote aliyemjazia mwenzake aandike jina, anwani na kutia sahihi. Nikamuuliza kama wao watatia sahihi hapo.

"Hapo huwa tunapaacha wazi. Wakiona jina la mtu mwingine wanaanza kushuku."

Hapo nikawa nimejua yote niliyotaka kujua. Mtu anayekujazia fomu ya serikali kwa malipo kisha anaogopa kuandika jina lake juu yake, makosa yakitokea hayumo. Fomu ina sahihi yako peke yako, na umeapa kwamba kila neno ni kweli. Isitoshe, alitaka kuifungua akaunti yangu kwa barua pepe ya ofisi yao, "ili tufuatilie vizuri." Maana yake ni kwamba siku USCIS wakiandika kudai ushahidi zaidi na kukupa tarehe ya mwisho, ujumbe unaingia kwake, si kwako. Mkikosana kuhusu pesa, kesi yako amekaa nayo yeye.

Na kabla sijatoka akanipa ushauri wa bure: kwa nini nisimpeleke tu mume kwa viza ya utalii, nikafika naye, halafu "tukabadilisha huko huko"? Jamani, huu ushauri unazunguka sana, na ni sumu. Viza ya utalii inaombwa kwa kueleza kwamba utarudi. Ukimwambia afisa utarudi, na moyoni umeshapanga kuhamia, umesema uongo ili upate viza, na adhabu yake kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani ni kufungiwa mlango maisha. Kuna msamaha wa kuomba, lakini nani anataka kuanza ndoa kwa kuomba msamaha? Wakala nampa nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya maji baridi.

Wakili nilimpata kwa simu ya video. Jambo ambalo wengi hawalijui: sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu, kwa hiyo wakili mwenye leseni ya jimbo lolote la Marekani anaweza kukushughulikia, hata kama uko Mombasa na utahamia jimbo lingine kabisa. Leseni yake unaweza kuihakikisha mwenyewe kwa chama cha mawakili cha jimbo lake. Huyu wangu alinitoza dola 200 kwa saa moja ya ushauri, na akanitajia dola 3,000 kama nataka kesi nzima, mwanzo hadi mwisho.

Ile saa moja ilikuwa na thamani yake. Yule kijana wa ghorofani aliniuliza nina pesa kiasi gani. Wakili aliniuliza ndoa ilifungwa vipi, nani alikuwa wapi.

Hapa naomba watu wa pwani mnisikilize. Ndoa zetu nyingi zinafungwa msikitini. Bwana harusi yuko pale na walii wa mke, sheikh na mashahidi. Bibi harusi yuko nyumbani, mikono ina hina bado mbichi, anaulizwa idhini yake na mambo yanamalizwa kule. Kwetu hakuna la ajabu. Lakini sheria ya Marekani inasema ndoa ambayo wawili hao hawakuwa mbele ya mmoja na mwenzake wakati wa kufungwa haihesabiki kwa uhamiaji, isipokuwa wawe wamekutana kama mume na mke baada ya kufungwa. Sisi tuliofungiwa ndoa jioni na kulala nyumba moja usiku huo hatuna tatizo, mradi tuwe na ushahidi kwamba tuliishi pamoja baada ya tarehe iliyo kwenye cheti. Wanaoumia ni wa ndoa za simu: kijana yuko Minneapolis, anaweka mtu wa kumwakilisha Mombasa, ndoa inapita kwa WhatsApp, kesho yake anatuma fomu. Ndoa hiyo kwa sheria ya dini inaweza kuwa sawa kabisa, na USCIS wakaikataa. Inabidi asafiri kwanza, wakutane, wakae, ahifadhi tiketi na mihuri ya pasi, kisha ndipo atume. Zile picha za fungate Diani ambazo mnaona haya kuzionyesha watu, ndizo zenye kazi.

Akaniuliza pia kuhusu ndoa za nyuma. Mume wangu aliwahi kuoa na kuacha, kwa hiyo cheti cha talaka kilichosajiliwa kwa Kadhi kikawa muhimu sawa na cheti chetu cha ndoa. Talaka ya mdomo, hata kama mtaa mzima uliisikia, haipakiwi kwenye kompyuta. Na kwa wanaume wanaonipigia wakiuliza kuhusu bi mdogo: hapana. Marekani haimpi viza mke wa pili wakati wa kwanza bado yuko ndani ya ndoa, hata Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 ikimtambua. Msinikasirikie, sikuitunga mimi.

Mwishowe wakili alisema jambo lililonifanya nimheshimu: "Kesi yako ni safi. Fomu ya kwanza jaza mwenyewe. Nitafute ukifika kwenye udhamini." Mtu aliyeweza kuchukua dola 3,000 zangu akaziacha. Kama umewahi kufukuzwa Marekani, au mwenzako alizidisha muda wa viza huko nyuma, au kuna kesi ya polisi, au umeshamwombea mke mwingine kabla ya huyu, basi mchukue wakili tangu mwanzo na usibane pesa. Nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimeikata kwa sababu saa ilianza kuhesabiwa tukiwa bado tunasalimiana.

Njia ya karatasi sitaipotezea muda. Ada yake ni dola 675 badala ya 625, unatuma bahasha Marekani, na hundi hawapokei tena tangu tarehe 28 Oktoba 2025: lazima ujaze fomu ya kukatwa kwenye kadi au kwenye akaunti ya benki ya Marekani. Majibu yanakuja kwa posta. Mwenye sanduku la posta Mombasa linaloshirikiwa na ukoo mzima anajua mwisho wa barua. Nyota mbili.

Basi tovuti ya USCIS, niliyoitumia. Nilituma Mei 2024, nikalipa dola 625 kwa kadi yangu ya Marekani, na risiti ikatokea ndani ya akaunti pale pale, na namba ya kesi inayoanza na herufi IOE. Kwa anayeishi nje, hapo ndipo ushindi ulipo. Kila barua wanayokuandikia inaonekana ndani ya akaunti, unaipakua, iwe uko Likoni au Lamu. Karatasi yenyewe pia hutumwa, ndiyo maana kwenye anwani ya barua niliweka ya binamu yangu Minneapolis, lakini sikuwa nategemea afungue sanduku lake.

Unapofungua akaunti, kuna hatua ya pili ya usalama, namba ya siri ya muda. Chagua itumwe kwa barua pepe au kwa programu ya simu. Usichague ujumbe wa simu kwa laini ya Marekani ambayo siku moja utasahau kuiwekea salio.

Maswali yenyewe si magumu, ni mengi. Mlikoishi miaka mitano iliyopita, wote wawili. Kazi za miaka mitano. Wazazi wa pande zote. Sehemu ya anwani ndiyo iliyotuchekesha, maana nyumba yetu haina namba na barabara yetu haina jina. Nikaandika mtaa, msikiti ulio karibu na jina la mwenye nyumba, na ikapita bila swali. Kinachotakiwa ni anwani hiyo hiyo iandikwe vile vile kila mahali, kwenye fomu hii na zote zitakazofuata. Leo "Kisauni", kesho "Mombasa North", kesho kutwa "Bamburi", utajikuta unaeleza nyumba tatu usizokuwa nazo.

Kuna swali moja la kulitazama mara mbili: mwenzako ataomba viza ubalozini, au atabadilisha hali yake kuwa mkazi wa kudumu akiwa ndani ya Marekani? Aliye Kenya anaandika Nairobi, Kenya, kama mahali pa ubalozi, na ile sehemu ya kubadilisha hali anaiacha. Kuna wanaojaza zote mbili "kwa usalama", na faili likipitishwa linabaki USCIS likimngoja mtu ambaye hayuko Marekani. Kulitoa hapo kunahitaji fomu nyingine, ada nyingine na subira nyingine.

Mumeo au mkeo ana fomu yake ndogo, I-130A. Akiwa nje ya Marekani anaijaza lakini halazimiki kuitia sahihi. Nalitaja kwa sababu kuna waliochelewesha kila kitu wakingoja mume atoke baharini aje atie sahihi isiyotakiwa.

Sasa ushahidi wa ndoa, ambao kwa maoni yangu ndio kazi halisi ya I-130. Cheti cha ndoa ni mlango tu, kinaonyesha mlioana. Hakionyeshi kwamba mnaishi. Tulipakia mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, picha za harusi za pande zote mbili (za msikitini yeye hana mke, za nyumbani mimi sina mume, ikabidi kuongeza zile za kuingia ndani), kadi ya hospitali ya mama yangu ambapo mume wangu ameandikwa kama mtu wa kuitwa, na taarifa za M-Pesa. Hizi za M-Pesa ni dhahabu. Zinaonyesha mume anamtumia mke pesa za sokoni wiki baada ya wiki, kiasi kidogo kidogo ambacho hakuna mtu angekibuni. Lakini zinakuja zimefungwa kwa namba ya siri, na USCIS hawataki faili lililofungwa. Lifungue, lichapishe upya kama PDF ya kawaida, angalia lisizidi megabaiti 12, ndipo ulipakie.

Ujumbe wa WhatsApp nao unafaa, ila kila kilicho kwa Kiswahili lazima kiwe na tafsiri kamili ya Kiingereza pamoja na maandishi ya mtafsiri, jina na sahihi yake, kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Si lazima awe mtafsiri wa mahakama. Rafiki yangu mwalimu alitufanyia. Tulichagua kurasa chache za miezi tofauti, si kitabu. Mumewe mtu haandiki mashairi: "Nije na mofa ama mahamri?" "Stima imerudi?" "Mama kala dawa?" Mwalimu alikaa pale mezani kwetu akiyatafsiri kwa uso mkavu kabisa, kama anasahihisha mtihani, mpaka alipofika pale mume alipolalamikia sauti ya jenereta ya jirani kwa maneno ambayo sitayarudia. Nayo akayatafsiri. Afisa hatafuti mahaba, anatafuta nyumba yenye watu.

Ubaya wa tovuti: fomu usiyoimaliza hufutwa ukikaa siku 30 bila kuigusa. Kwa hiyo kusanya karatasi kwanza, anza kujaza baadaye. Na yule ambaye Kiingereza cha serikali kinampa kizunguzungu, atafute mtu wa kukaa naye, aliye tayari kuandika jina lake pale pa mjazaji. Nyota nne.

Baada ya hapo ni kungoja. Kwetu ilizidi mwaka mmoja. Ikipitishwa, faili linakwenda Kituo cha Taifa cha Viza, NVC, kilichoko Portsmouth, New Hampshire, na hapa ndipo ninapokuja kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote. Watu wa huku wanamaliza pesa zao mwanzoni, kwa kujaziwa I-130 ambayo mtu aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuijaza kwa utulivu, halafu wakifika NVC hawana kitu, na ugumu wa anayeishi nje uko NVC.

Anza na malipo. Dola 325 za viza na dola 120 za hati ya udhamini hulipwa kwa akaunti ya benki iliyoko Marekani tu. Kadi haifanyi kazi hapo, wala benki ya Kenya. Uliyefunga akaunti yako ulipohama, utaanza kutafuta ndugu wa kukulipia.

Kisha udhamini wenyewe, fomu I-864, ahadi yako kwamba utamtunza mwenzako akifika. Unatakiwa uonyeshe mapato ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Kwa viwango vya 2025, familia ya watu wawili ni dola 26,437 kwa mwaka. Mapato ya Kenya hayahesabiki kama yatakatika siku utakayohama. Yangu yalihesabika kwa sababu kampuni ni ile ile, nikiwa Kisauni au Minneapolis, na mwajiri aliandika barua kusema hivyo. Jirani yangu, raia mwenzangu anayefundisha shule moja hapa mjini na analipwa vizuri tu, kwa fomu hiyo ni kama hana kazi. Yeye anahitaji mdhamini mwenza: raia au mwenye grinkadi (kadi ya ukazi wa kudumu), aliyetimiza miaka 18, anayeishi Marekani, na ambaye yuko tayari kubeba jukumu la kisheria, si kusaidia tu sahihi. Mazungumzo hayo na ndugu zako yaanzishe mapema, maana ndugu akisoma ile fomu hubadilika sauti.

Kodi nayo. "Mimi niko nje, sifaili kodi" ni maneno ya hatari. Raia wa Marekani ambaye mapato yake yamefika kiwango cha kufaili anafaili kila mwaka hata akiwa nje, kwa mapato ya dunia nzima. Kuna nafuu ya mapato ya ng'ambo inayoweza kukufutia deni lote, lakini haikufutii wajibu wa kufaili. NVC wanataka kuona kodi zako.

La mwisho ndilo linaloangusha wengi: makazi. Mdhamini lazima awe na makazi Marekani, na wewe uko Mombasa. Inabidi uthibitishe kwamba unarudi kuishi, kabla ya mwenzako au pamoja naye. Hapa ndipo nilipomrudia wakili, nikamlipa tena kwa saa, na sijutii hata senti. Alinipangia ushahidi: leseni yangu ya udereva ya Minnesota ambayo haijaisha muda, usajili wa kura, akaunti ya benki, barua ya binamu kwamba tutafikia kwake, barua ya mwajiri, na maelezo yangu mwenyewe ya ukurasa mmoja kuhusu kwa nini nilikuja Kenya na kwa nini narudi. Faili halikurudi na swali. Kama una pesa ya msaada ya kutumia mara moja tu, itumie hapo.

Karatasi za mume zilikuwa nyepesi ukilinganisha. Cheti cha tabia njema cha DCI, polisi wa upelelezi, shilingi 1,050 kupitia tovuti ya eCitizen, kisha alama za vidole Huduma Centre. Ila alifanya kazi Dubai zaidi ya mwaka mmoja, na kanuni ni kwamba nchi yoyote uliyoishi miezi 12 au zaidi baada ya kutimiza miaka 16, unaleta cheti cha polisi cha huko pia. Vijana wetu wengi wamepita Ghuba. Kianzeni hicho kabla ya vyote, kina mzunguko wake.

Desemba tulipanda treni hadi Nairobi, akapimwa na madaktari walioteuliwa na ubalozi, akaingia Gigiri peke yake na faili lake. Aliulizwa tulijuana wapi, nani anaishi nyumbani kwetu, mimi nafanya kazi gani. Alitoka kabla sijamaliza chai yangu.

Shangazi zangu wa Tanga wananipigia wakitaka kufuata njia hii hii kwa wakwe zao. Kwao hali ni nyingine kwa sasa: tangu tarehe 21 Januari 2026 Marekani imesimamisha utoaji wa viza za kuhamia kwa raia wa nchi 75, Tanzania na Uganda zikiwemo. Kenya haimo. Mwenye mume au mke Mtanzania azungumze na wakili kabla hajalipa chochote, na atakayemwambia ana mtu wake ndani, amkimbie.

Viza ya mume imeandikwa CR1, ya ndoa changa, inayoleta grinkadi ya miaka miwili yenye masharti na kisha fomu ya kuyaondoa, dola 750 nyingine. Lakini kinachoangaliwa ni umri wa ndoa siku anayoingia Marekani, si siku viza ilipopigwa muhuri. Ukishatimiza miaka miwili unaingia kama IR1 na grinkadi ni ya miaka kumi. Viza yake bado ina miezi, na ndoa yetu inatimiza miaka miwili Februari 2026. Kwa hiyo dola 235 za grinkadi nimeshalipa, tiketi ya kwenda New York nimeikata ya wiki inayofuata baada ya tarehe hiyo, na cheti cha ndoa kitakuwa mkononi mwangu, si kwenye sanduku, ili afisa wa uwanjani akihesabu tuhesabu naye.